Maswali ya wasomaji: Unauza kwenye soko la mtandaoni, jina lako lidumu vipi?

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa watu wanaouza bidhaa zao Jiji, Jumia, Kilimall na hata Amazon. Kilio chao kinafanana: mteja anaridhika na mzigo, kisha mwezi unaofuata ananunua kwa mwingine kwa sababu hakumbuki alinunua kwa nani. Tumechagua saba, na tumeanza na ile yenye mambo mengi zaidi.

Nakamua mafuta ya nazi nyumbani na kuyauza Jiji na Instagram. Nimelipia nembo nzuri na stika. Wateja wa Dar hawalalamiki sana, lakini wa Arusha na Njombe wanasema mafuta yameganda, na mmoja ameandika hadharani kwamba nimechanganya. Wanaorudi kununua ni wachache mno. Je, niongeze matangazo?
*Mkamua mafuta, Kigamboni*

Mama, fedha ya matangazo ishikilie kwanza. Tangazo litakuletea mnunuzi wa mara ya kwanza; atakayemrudisha ni mafuta yenyewe. Chapa inaanza pale chupa ya Juni inapofanana na chupa ya Januari kwa ujazo, harufu na rangi, na mteja akawa anajua atakachokuta kabla hajafungua boksi. Nembo inakuja kukaa juu ya hapo. Ukiitanguliza, unawasaidia tu waliokasirika kukumbuka jina la kuliepuka.

Tuanze na kuganda. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kwa Dar hilo si la kila siku. Kwa Njombe ya mwezi wa saba ni kila siku. Wewe unalijua, mteja halijui, na usipomwambia mapema atajitafutia maelezo yake mwenyewe. Iandike kwenye lebo, upande wa mbele: "Yakiganda hayajaharibika. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi." Kwenye tangazo lako weka picha mbili za chupa ileile, mafuta yakiwa ya maji na yakiwa yameganda meupe. Na kwa oda za mikoa ya baridi achana na chupa ya shingo nyembamba, tumia kopo la mdomo mpana ambalo mtu anaweza kuchota kwa kijiko. Malalamiko ya "umechanganya" mengi yataishia hapo.

Ujazo usikadirie kwa macho. Mililita 250 za mafuta ya nazi zina uzito wa gramu 230 hivi. Weka chupa tupu kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, irudishe kwenye sifuri, jaza mpaka 230. Chagua chupa ambayo ikijazwa hadi mdomoni inachukua kama mililita 265, maana mafuta yanatanuka kwenye buti la basi saa nane mchana, na chupa iliyojaa pomoni itasukuma kifuniko.

Harufu ya kuchacha, ukiipata, mara nyingi inatokana na maji. Chupa iliyooshwa na kufungwa kabla haijakauka, mafuta yaliyomiminwa yakiwa bado ya moto hadi mvuke ukaganda chini ya kifuniko na kudondoka ndani, au tui lililobaki chini ya sufuria likamiminwa pamoja. Kausha chupa zikiwa zimepinduliwa kwa siku nzima. Acha mafuta yatulie saa 24, mimina ya juu taratibu, chuja kwa kitambaa safi kikavu, na ile sehemu ya mwisho, vidole viwili kutoka chini, ibaki ya matumizi ya nyumbani. Ni mafuta machache unayopoteza, lakini ndiyo hasa yanayoharibu bechi nzima.

Kuvuja: kabla ya kununua vifuniko mia tano, chukua chupa sita zilizojaa, zilaze juu ya gazeti mahali penye joto usiku kucha. Doa moja tu la mafuta, badilisha muuzaji wa vifuniko au weka sili ya alumini mdomoni. Stika nayo ibandike kabla ya kujaza, chupa ikiwa imefutwa kwa spiriti, kwa sababu juu ya tone la mafuta gundi haishiki. Karatasi iliyochapwa kwa printa ya wino itachuruzika rangi siku ya kwanza mteja akiishika na mikono yenye mafuta. Omba stika ya plastiki iliyolaminishwa.

Halafu namba ya bechi. Tarehe ya kukamua inatosha, kwa mfano 140725. Iandike kwenye kila chupa na kwenye daftari, ukiandika na nazi zilitoka wapi, na weka chupa moja ya kila bechi kabatini mpaka tarehe yake ya kuisha. Mtu akilalamika, unafungua chupa ya bechi yake na kunusa. Utamjibu kwa uhakika, au utakubali kosa na kuwatafuta wengine waliopata bechi hiyo kabla hawajakutafuta wao.

Kuhusu vibali: usajili wa vyakula na vipodozi uko TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, ulipohamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa. Amua kwanza mafuta yako ni ya kupikia au ya kupaka, kwa kuwa ni usajili tofauti na lebo tofauti. Mjasiriamali mdogo huanzia ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, kuomba barua ya utambulisho. Anza mapema, ukaguzi unaangalia chumba unachokamulia pia.

Nashona mikoba ya kitenge na kuuza Jumia. Kila kampeni ya punguzo naingia, mauzo yanapanda, lakini mwisho wa mwezi sioni pesa. Wenzangu wanasema ndiyo njia ya kujenga jina.
*Fundi wa mikoba, Nairobi*

Tupige hesabu pamoja, kwa tarakimu za mfano. Zako zijaze mwenyewe. Mkoba unauzwa shilingi 1,800. Kitambaa, bitana, zipu na uzi 620. Ufundi 350, na ujilipe hata kama unashona mwenyewe. Ufungashaji 70. Kamisheni ya soko tuseme asilimia 15, yaani 270. Hutofautiana kwa aina ya bidhaa, kwa hiyo soma jedwali la sasa kwenye akaunti yako. Akiba ya mizigo inayorudishwa asilimia 5, ni 90. Matangazo 100. Jumla 1,500, unabaki na 300.

Sasa toa punguzo la asilimia 20. Bei inashuka hadi 1,440. Kamisheni inakuwa 216, akiba ya marejesho 72, mengine hayabadiliki. Gharama 1,428. Umebakiwa na shilingi 12. Punguzo la moja ya tano limekula karibu faida yote, na ndiyo maana unauza sana bila kuona pesa.

Hasara ya pili iko kwa mteja. Akishaona mkoba kwa 1,440 mara tatu kwa mwaka, 1,800 kwake ni bei ya kuibiwa, na atasubiri. Kwa hiyo hatukubaliani na wenzako. Ingia kwenye kampeni na bidhaa moja tu, ndogo, iliyotengenezwa kwa ajili hiyo: kipochi cha sarafu kinachoshonwa kwa vipande vilivyobaki, ambacho kitambaa chake ulishakilipia kwenye mkoba. Kina lebo yako, zipu ileile, mshono uleule. Mkoba mkubwa usiuguse.

Jambo jingine ambalo mafundi wa kitenge hulisahau: doti ulilopiga picha likiisha, huenda usilipate tena sokoni. Ukijijengea jina kwa ua la kitambaa, jina linaondoka na kitambaa. Jenga kwenye vitu unavyoviweza mwenyewe, kama mkato wa mkoba, urefu wa mkanda, rangi ya bitana, lebo iliyofumwa na kushonwa mahali palepale kila mara. Bitana ya rangi moja kwa mikoba yote, iwe ya manjano au ya buluu, inagharimu kidogo na inamtambulisha mkoba wako hata ukiwa umefunguliwa mezani kwa mtu mwingine. Kwenye maelezo andika upana, kimo na kina kwa sentimita, na uweke picha moja ya mkoba ukiwa begani kwa mtu. Mikoba mingi hurudishwa kwa sababu mnunuzi alidhani ni mkubwa zaidi.

Nataka jina "Pilau Masala Bora" kwa viungo vyangu. Nimelisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama jina la biashara. Je, hakuna mwingine atakayeruhusiwa kulitumia?
*Muuza viungo, Tanga*

Ulichosajili hakikulindi kama unavyofikiri. Jina la biashara linasema nani anafanya biashara. Linalozuia mwingine kuuza viungo kwa jina lako ni alama ya biashara, ambayo huombwa kwa fomu nyingine, BRELA hiyohiyo, kwenye mfumo wao wa usajili wa mtandaoni, ORS. Na hapo "Pilau Masala Bora" litakupa shida, kwa kuwa linaeleza bidhaa tu. Msajili hawezi kukukabidhi peke yako maneno ambayo kila muuza viungo anayahitaji.

Tafuta jina lisiloeleza kilichomo. Lijaribu kwa simu: mtajie mtu mara moja, mwambie aliandike. Akiliandika kwa namna mbili, litatafutwa kwa namna mbili, na nusu ya wateja hawatakuona. Majina yenye r na l pamoja yanaumiza wengi, maana wapo wanaozibadilisha wakizungumza. Kisha litafute BRELA, Instagram, TikTok, na kwenye anwani za .co.tz, na ukilikuta liko wazi kote, lichukue kote siku hiyohiyo hata kama hutafungua tovuti mwaka huu.

Bidhaa zimegawanywa katika madaraja 45 ya kimataifa. Viungo viko daraja la 30. Ukitaka siku moja kuongeza mafuta ya kula, hayo ni daraja la 29, na ya kupaka ni la 3. Kila daraja hulipiwa. Ombi likikubaliwa huchapishwa kwenye jarida, watu wana siku 60 za kupinga, ndipo cheti hutoka. Kwa Tanzania Bara ulinzi wa kwanza ni miaka 7, kisha unahuisha kila miaka 10. Zanzibar ina msajili wake, BPRA, na Kenya ni KIPI. Cheti cha Bara hakifiki huko. Ukiuza Mombasa kwa wingi, omba na huko kabla msambazaji wako hajajiombea.

Asalaam aleikum. Kuna muuzaji amechukua picha zangu za viatu vya ngozi, anauza vibovu kwa bei ya chini kwenye soko lilelile. Wateja wanafikiri ni mimi.
*Mshona makubadhi, Mombasa*

Waaleikum salaam. Picha ni mali ya aliyeipiga tangu ilipopigwa, bila usajili, ingawa kwa Kenya unaweza kuisajili KECOBO, ofisi ya hakimiliki, ikawa ushahidi mwepesi. Tafuta faili la asili kwenye simu, lile ambalo halijapita WhatsApp, kwa sababu WhatsApp hufuta taarifa za tarehe na simu iliyopiga. Piga picha ya skrini ya tangazo la mwizi ikiwa na anwani yake na tarehe, kisha tumia fomu ya soko ya kuripoti uvunjaji wa hakimiliki, si kitufe cha malalamiko ya kawaida. Ukiweza, nunua jozi moja kwake. Kiatu kibovu mkononi pamoja na risiti kinashinda barua ndefu.

Picha zijazo: masoko mengi hukataa maandishi yaliyobandikwa juu ya picha kuu, kwa hiyo ingiza alama yako ndani ya kitu chenyewe. Piga muhuri wa moto kwenye soli ya ndani, na kila picha ioneshe soli hiyo. Kuifuta kwa programu bila kuharibu picha kunahitaji kazi, na wezi wengi hawana subira.

Niko Leicester, nauza vikoi Amazon. Nimenunua namba za msimbo pau kwa bei nafuu mtandaoni, zimekataliwa. Pia nataka kusajili chapa yangu huko.
*Msomaji, Uingereza*

Namba hizo zilitolewa awali kwa kampuni nyingine, na Amazon huzilinganisha na hazina ya GS1, shirika linalotoa namba za msimbo pau. Jina lisipolingana na lako, zinakataliwa. Jiunge na GS1 ya hapo uliposajili biashara. Na wauzaji wa huku wajue: namba zinazoanza na 620 hutolewa na GS1 Tanzania na 616 ni za Kenya, ila zinaonesha tu namba ilitolewa wapi, si bidhaa ilitengenezwa wapi.

Usajili wa chapa Amazon unahitaji alama ya biashara iliyosajiliwa au iliyo kwenye maombi, na ofisi ya Uingereza inakubalika. Watataka picha ya jina likiwa limeshikana na bidhaa au kifungashio moja kwa moja. Stika inayobandukika hukataliwa. Shona lebo iliyofumwa kwenye upindo. Usijaribu neno kikoi lenyewe. Mwaka 2006 kampuni moja huko Uingereza iliomba kumiliki neno "kikoy", Wakenya wakalipinga, na ombi halikufika mwisho. Tunafurahi kwamba halikufika. Neno hilo ni la pwani nzima. Omba jina lako la kubuni, daraja la 25 kwa vazi na 24 kwa kitambaa na taulo.

Kadi unayoweka ndani ya kifurushi ieleze namna ya kufua tu: maji baridi, peke yake mara ya kwanza, anika kivulini. Usiahidi zawadi kwa atakayeandika maoni mazuri. Amazon ilipiga marufuku maoni ya kulipiwa Oktoba 2016, na akaunti hufungwa kwa hilo.

Duka langu lote liko kwenye jukwaa moja. Je, ni busara kuwahamishia wateja WhatsApp?
*Muuza dagaa na samaki wakavu, Mwanza*

Ni busara kuwa na mlango wako. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na mwaka huohuo Jiji ikachukua biashara ya OLX kwetu na kwa majirani. Muuzaji ambaye wateja walimjua kwa kiungo cha duka tu alianza upya bila kosa lake.

Lakini usimpore mteja katikati ya oda. Masoko mengi yanakataza kuweka namba ya simu kwenye tangazo au kwenye kifurushi cha oda iliyopitia kwao, na mengine hupima ni oda ngapi zimefutwa baada ya mazungumzo. Weka jina lako kubwa kwenye kifungashio, liwe lilelile la Instagram na lilelile linalotokea mteja akilipa kwa lipa namba. Anayetaka kukupata atakupata kwa jina hilo.

Wanaokuja wenyewe wapokee kwenye WhatsApp Business, ni programu ya bure yenye katalogi na lebo za kupanga wateja. Orodha ya matangazo moja inabeba watu 256, na ujumbe unamfikia tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo baada ya oda ya kwanza mwombe aihifadhi na mwambie utakuwa unamtumia nini: "Dagaa wapya kila Alhamisi, ujumbe mmoja kwa wiki." Kisha ushike hiyo Alhamisi. Uliza ridhaa, na asiyetaka muondoe siku hiyohiyo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ina yake ya 2019, na namba ya simu ya mteja ni taarifa binafsi. Mara moja kwa mwezi hamisha majina, namba na oda zao kwenye jedwali lililohifadhiwa nje ya simu. Picha za bidhaa nazo, zile za asili.

Kwa dagaa hasa, ongeza hili: mwambie mteja kiasi cha mchanga unachokiondoa. Pepeta kwanza, ndipo upime kilo, na uandike "zimepepetwa kabla ya kupimwa". Mteja aliyezoea kulipia mchanga atalikumbuka jina lililo juu ya maneno hayo.

Nina nyota tano kumi na nyota moja moja, basi duka linaonekana baya. Nimuombe aifute?
*Muuza viatu vya shanga, Arusha*

Wastani wako ni 4.6. Ukifikisha nyota tano arobaini, ileile moja itakuacha na 4.9, kwa hiyo kazi kubwa ni kupata maoni mengi ya kweli: ujumbe mfupi siku ya tatu baada ya mzigo kufika, ukiuliza kwanza kama viatu vimemtosha, kisha ndipo uombe maoni.

Kwa huyo mmoja, jibu hadharani ndani ya siku moja, mistari mitatu: taja tatizo kama alivyolisema, sema unachofanya sasa, na sema ulichobadilisha. "Pole, dada. Namba 39 yetu ilikuwa ndogo kwako. Jozi ya 40 inatoka kesho, nauli juu yetu. Kuanzia leo tumeandika urefu wa soli kwa sentimita kwenye kila saizi." Kisha kaandike kweli hizo sentimita, na upime kila soli kwa rula badala ya kuamini namba iliyogongwa na muuza soli.